Mwili Hauhesabu Mishono

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Sheffield, Uingereza, ambalo mimi, muuguzi wa wodi ya upasuaji, nalithamini kuliko majaribio mengi makubwa yaliyolifuata. Wagonjwa 200 waliohitaji kutolewa kifuko cha nyongo waligawanywa kwa kura. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo na kamera, wengine kwa mkato mmoja mfupi wa kawaida. Walipotoka chumba cha upasuaji, wote walifunikwa tumbo kwa bandeji za aina moja, ili wanaowahudumia wasijue nani kafanyiwa nini. Matokeo yakawa kwamba makundi yote mawili yalikaa hospitali muda uleule, na hata kurudi kazini hakukupishana kwa kiasi cha kutajika. Tofauti iliyojitokeza wazi ni kwamba upasuaji wa matundu ulichukua muda mrefu zaidi mezani.

Wakati huo upasuaji wa matundu ulikuwa umeshashika kasi kila mahali, na wagonjwa wenyewe walikuwa wakiudai. Bandeji zile ziliondoa kitu ambacho sisi wa wodini hukitegemea bila kujijua, yaani kuliona kovu. Aliyepasuliwa kwa matundu tunamwinua kitandani mapema, tunamruhusu anywe mapema, tunamwambia kesho utakwenda nyumbani. Mwenye mshono mrefu tunamwambia pole mama, lala upumzike, usijisumbue. Kisha wa kwanza akipona haraka tunasema ni kwa sababu ya matundu.

Sisemi njia hizi mbili ni sawa. Hazilingani, na sehemu kubwa ya makala hii ni kueleza zinapotofautiana. Ninachotaka kieleweke ni kwamba mwili hauhesabu mishono. Unahesabu seli zilizokufa, tishu zilizokauka, utumbo ulioshikwashikwa na damu iliyomwagika. Ngozi ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, ila ndiyo peke yake mgonjwa na ndugu zake wanayoiona.

Kisu kinapopita, seli zinapasuka na vitu vilivyopaswa kubaki ndani yake vinamwagika nje. Miongoni mwake ni ATP, ambayo ni nishati ya seli, protini iitwayo HMGB1, na vipande vya DNA ya mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Hicho cha mwisho kinanishangaza kila ninapokifikiria. Mitokondria zina asili ya bakteria, na DNA yake bado inafanana na ya bakteria. Zinapomwagika, askari wa mwili wanazipokea karibu kama wangepokea vijidudu vilivyovamia. Jeraha linaweza kuwa safi kabisa, kisu kimechemshwa, mikono imeoshwa ipasavyo, na bado mwili ukapigana kama umeambukizwa. Homa ndogo ya usiku wa kwanza baada ya upasuaji mara nyingi hutokana na hali hiyo, wala si na usaha.

Wanaoitambua hatari hiyo kwanza ni makrofaji, seli za ulinzi ambazo zinaishi ndani ya tishu muda wote. Zinaachilia kemikali za kuitana, saitokini. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja, majimaji yanajaa kwenye tishu, na ndani ya saa chache chembe nyeupe aina ya nyutrofili zinafika kwa wingi. Siku inayofuata zinaanza kufika makrofaji nyingine kutoka kwenye damu ili kusafisha na kuanza kujenga. Huo ndio mchochota: wekundu, joto, uvimbe na maumivu, dalili nne ambazo Mrumi Celsus aliziandika karne ya kwanza na ambazo bado tunazitafuta kila tunapofungua bandeji. Bila mchochota hakuna kidonda kinachopona, kwa hiyo mtu asidhani lengo ni kuuzima. Jambo la kujiuliza ni kiasi chake, na kama unabaki pale jeraha lilipo au unasambaa mwili mzima.

Ukisambaa, unaweza kupimwa. Saitokini moja, intalukini-6, inaanza kupanda kwenye damu ndani ya saa chache tangu mkato, na inafikia kilele ndani ya siku moja hivi. Inafika kwenye ini na kuliamuru liache baadhi ya kazi zake za kawaida, litengeneze protini za dharura. Maarufu kati ya hizo ni CRP, ambayo inafikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha inashuka kwa nusu karibu kila saa 19 ikiwa hakuna kipya kinachoichochea. Kadiri tishu zilivyoumizwa zaidi, ndivyo intalukini-6 inavyopanda zaidi. Kwa hiyo hapa tuna kipimo cha jeraha ambacho hakijali ngozi inaonekanaje.

Sambamba na hilo kuna njia ya pili, ya mishipa ya fahamu na homoni. Taarifa za maumivu zinapanda ubongoni hata kama mgonjwa yuko kwenye nusukaputi, na tezi zinamwaga kotisoli na adrenalini. Sukari inapanda, mwili unashikilia maji na chumvi, na misuli inaanza kuvunjwa ili kupata malighafi. Aliyelionyesha hili kwa vipimo ni David Cuthbertson wa Glasgow, miaka ya 1930. Alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu akakuta wanapoteza nitrojeni, mabaki ya protini iliyovunjwa, nyingi kuliko jeraha lenyewe lingeweza kueleza. Ilikuwa ikitoka kwenye misuli ya mwili mzima. Mgonjwa anaponiambia wiki ya pili baada ya upasuaji, "Sista, kidonda hakiumi tena, lakini miguu haina nguvu," huwa nakumbuka mikojo ile ya Glasgow. Udhaifu wake ni wa kweli, na haukuanzia kwenye miguu.

Basi tuangalie jeraha la tumbo lililofunguliwa linatoka wapi. Mkato wa ngozi ni wa dakika moja. Chini yake kuna mafuta, kisha tabaka za misuli au ule mkanda mweupe wa katikati, kisha utando mwembamba unaotanda ndani ya tumbo na kuvifunika viungo, peritonio. Halafu vinaingia vyuma vya kupanulia, vinavyoshika kingo za jeraha na kuzivuta kwa saa nzima, mbili, tatu. Misuli iliyobanwa na vyuma hivyo inakosa damu, na vinapolegezwa damu inarudi kwa kishindo na kuongeza mchochota. Watu wanadhani kisu ndicho kinachoumiza zaidi. Nadhani wangeona kazi ya vyuma vile wangebadili mawazo.

Peritonio nayo ina seli za tabaka moja tu, na ukiikunjua yote eneo lake linakaribiana na la ngozi ya mwili mzima. Imezoea kuishi kwenye unyevu na joto. Ikianikwa chini ya taa, ikapigwa na hewa kavu na kusuguliwa kwa gozi, seli zake zinakufa na kubanduka. Sehemu iliyobanduka inatoa fibrini, utelezi unaonata. Kwa kawaida mwili una kimeng'enya cha kuiyeyusha, lakini peritonio iliyoumia inakitoa kwa uchache. Fibrini isipoyeyushwa ndani ya siku chache, inageuka kuwa nyuzi ngumu za kovu zinazounganisha utumbo na ukuta wa tumbo, au kipande kimoja cha utumbo na kingine. Miaka mingi baadaye mtu anaweza kurudi na utumbo uliofungwa kwa nyuzi hizo.

Lakini kinachonigusa zaidi, kwa sababu ndicho tunachoishi nacho wodini, ni utumbo wenyewe. Baada ya upasuaji wa tumbo utumbo unanyamaza. Tunasikiliza kwa stetoskopu, tunauliza kama mgonjwa ameshatoa hewa chini, na jibu lake ni habari kubwa kuliko presha. Zamani ilidhaniwa sababu ni dawa za usingizi na mishipa ya fahamu tu. Zipo, na ndizo zinazosimamisha utumbo kwa saa za mwanzo. Ila kuna awamu ya pili, inayoanza saa 3 au 4 baadaye na kuendelea kwa siku kadhaa, na hiyo ni ya mchochota. Ndani ya ukuta wa misuli ya utumbo kuna mtandao wa makrofaji zilizotulia. Mkono wa daktari unapoushika utumbo, kuusogeza, kuutoa nje na kuurudisha, makrofaji hizo zinaamka na kuita chembe nyeupe kwenye misuli, na misuli iliyojaa chembe nyeupe haijikunji vizuri. Katika majaribio ya wanyama ilionekana kwamba kadiri utumbo unavyoshikwa kwa nguvu, ndivyo chembe hizo zinavyozidi na utumbo unavyochelewa kuamka. Na haibaki pale palipoguswa, kwani hata sehemu ambazo hazikushikwa zinapunguza mwendo. Hakuna kisu kilichopita kwenye utumbo huo. Umeshikwa tu.

Hapo ndipo matundu yanapojipatia heshima yake. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Georg Kelling, Mjerumani, alichungulia tumbo la mbwa kwa kifaa chenye lenzi mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akafanya hivyo kwa binadamu mwaka 1910. Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, na Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon mwaka 1987 kwa kutumia kamera ya video. Ndipo njia ikasambaa.

Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ukuta unainuka, na vyombo vyembamba vinapita kwenye mirija. Hakuna vyuma vya kupanulia. Misuli inasukumwa kando badala ya kukatwa kwa urefu. Utumbo haupigwi na hewa ya chumba, na unaguswa kwa ncha ya chombo badala ya kiganja kizima. Matokeo yanaonekana kwenye damu: kwa kifuko cha nyongo, intalukini-6 na CRP hazipandi sana kama baada ya mkato mkubwa, na tafiti nyingi zinakubaliana juu ya hilo. Mapafu pia yanafaidika, maana mkato wa juu ya kitovu unamfanya mtu aogope kuvuta pumzi ndefu, na asiyevuta pumzi ndefu wala kukohoa yuko njiani kupata nimonia.

Hata hivyo kotisoli na adrenalini hazikutii. Zinapanda karibu sawa katika njia zote mbili. Mtu angetegemea jeraha dogo litoe homoni chache, lakini mishipa ya fahamu ya viungo vya ndani na ya peritonio haijui mkato wa ngozi ulikuwa na urefu gani. Kifuko cha nyongo kinavutwa vilevile, mshipa wake wa damu unafungwa vilevile, kinabanduliwa kwenye ini vilevile, na juu ya hayo peritonio nzima imetanuliwa kwa gesi. Ubongo unapokea taarifa ya jeraha la ndani na kujibu ipasavyo. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi bora kwamba mwenye matundu manne amefanyiwa upasuaji kamili, na anastahili kutunzwa hivyo.

Gesi nayo si maji ya kunawa. Shinikizo lake linapunguza damu inayofika kwenye utumbo, ini na figo, na linapoachiliwa damu inarudi kwa ghafla. Linakitanua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka kwenye shingo, pamoja na ule wa ngozi ya bega, mgonjwa anaamka akiuliza nani alimlalia begani. Timu nyingi sasa zinapunguza shinikizo hadi milimita 8 au 10 inapowezekana, na maumivu ya bega yanapungua. Pia kaboni dayoksaidi inaifanya peritonio kuwa na tindikali, na makrofaji zikiwa kwenye tindikali zinatoa saitokini chache. Inawezekana basi kwamba sehemu ya ule mchochota mdogo baada ya matundu si kwa sababu tishu hazikuumia, bali kwa sababu walinzi wamepumbazwa kwa muda. Kwenye tumbo safi hilo ni neema. Kwenye tumbo lenye usaha lazima mtu alifikirie mara mbili.

Na tumbo lenye usaha lina hesabu yake. Kidole tumbo kikishapasuka, maambukizi yenyewe yamechochea mwili kiasi kwamba tofauti ya mkato humezwa. Vivyo hivyo kwa upasuaji mkubwa wa utumbo mpana. Faida ya matundu ipo, lakini kazi ya ndani ni kubwa na nambari za damu zinakaribiana zaidi kuliko kwa kifuko cha nyongo. Kuhusu saratani nitasema kwa ufupi. Wapo waliotumaini kwamba mchochota mdogo ungemwacha mgonjwa na kinga imara na hivyo kuzuia saratani kurudi. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana lilionyesha njia zote zinalingana. Mwaka 2018 jaribio la saratani ya shingo ya kizazi lilileta habari nzito zaidi, kwamba waliobaki hai baada ya matundu walikuwa wachache kuliko waliofunguliwa. Jeraha dogo si hoja ya kutosha peke yake.

Sasa niseme la wodini, kwa sababu linanisumbua. Maneno "ni matundu tu" ni hatari. Katika upasuaji wa matundu, chombo chenye umeme au mrija wa kuingilia unaweza kuutoboa utumbo nje ya upeo wa kamera, na tundu lisionekane. Mgonjwa huyo hafanani na picha ya vitabuni. Tumbo linaweza lisikakamae kama ubao, homa isiwe kali, chembe nyeupe zikashuka badala ya kupanda. Anachokuwa nacho ni tumbo linalojaa, tundu moja linalouma kuliko mengine, pengine kuharisha, na hali ya jumla ambayo hawezi kuieleza. Kanuni ninayowafundisha wauguzi wapya ni kwamba baada ya matundu kila siku lazima iwe nafuu kuliko jana. Ambaye siku ya 2 anaumwa kuliko siku ya 1 haachwi na vidonge vya maumivu. Anaitiwa daktari aliyempasua, usiku huohuo.

CRP husaidia hapa, ikisomwa kwa kujua jeraha lilikuwa kubwa kiasi gani. Siku ya 2 itakuwa juu kwa kila mtu, na kumtisha mgonjwa kwa sababu yake ni kumwonea. Baada ya utumbo kuunganishwa, ikibaki juu ya miligramu 150 kwa lita siku ya 3 au ya 4, timu nyingi huanza kutafuta kiungio kinachovuja. Kwa aliyefanyiwa kwa matundu, ambaye kilele chake kilitakiwa kiwe chini, mimi huingiwa na wasiwasi kabla ya hapo. Inayopanda tena baada ya kushuka inanitia wasiwasi hata ikiwa ndogo.

Na wale ambao lazima wafunguliwe, kwa damu inayovuja ndani, kwa uvimbe mkubwa, kwa makovu ya zamani, au kwa sababu vifaa havipo? Ni wengi, na hawajahukumiwa kuumia. Ganzi ya mgongoni inakata taarifa za maumivu kabla hazijafika ubongoni, na katika upasuaji wa chini ya kitovu inaweza kuzuia sehemu kubwa ya kotisoli isipande, jambo ambalo matundu hayakuliweza. Gozi zilizoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu zinailinda peritonio. Mgonjwa asiyeachwa apoe mezani havuji damu nyingi, na hatari ya kidonda chake kupata maambukizi inapungua. Vyuma vikilegezwa kila baada ya muda, misuli inapata damu. Henrik Kehlet wa Copenhagen aliyaunganisha mambo ya namna hii tangu miaka ya 1990: maumivu yadhibitiwe kwa dawa chache za jamii ya mofini, mgonjwa ale mapema, atembee mapema, asijazwe maji kupita kiasi, asiwekewe mirija isiyo na kazi. Mwaka 2011 jaribio la Uholanzi kwa wagonjwa wa utumbo mpana lililinganisha njia zote mbili, kwa matunzo ya zamani na kwa matunzo haya. Waliotoka hospitali mapema zaidi ni waliopata vyote viwili, matundu na matunzo.

Kwa hiyo anayeniuliza lini ataweza kunyanyua mzigo, mimi namuuliza kwanza daktari alimwambia kilifanyika nini ndani, na kama hakuambiwa tunakwenda kuuliza pamoja. Mwenye mkato mrefu namweleza kwamba ule mkanda mweupe wa katikati unashikiliwa na uzi kwa wiki za mwanzo. Kovu la wiki 3 lina nguvu ya karibu robo tu ya tishu nzima, na hata baada ya miezi halipiti sana asilimia 80, kwa hiyo mzigo mzito kabla ya wiki 6 ni kuitafutia ngiri nafasi kwenye mshono. Mwenye matundu anaweza kurejea mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki 1 au 2, kwa sababu misuli yake haikukatwa. Lakini akichoka mchana alale, na ale protini ya kutosha, maana misuli yake nayo ilitoa nitrojeni.